Uso wa Kaunta

Wifi yangu ni mfamasia, na hakupi nafasi ya kusahau. Ukipiga chafya mbele yake, kabla hujajifuta pua ameshakuuliza rangi ya makohozi. Ukimwambia umechoka, atakuvuta kope akuangalie weupe wa jicho. Mimi nashona sare za shule, na cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka lake la dawa kwa sababu pana mwanga mzuri. Kwa miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuachwa niumwe kichwa kwa amani.

Simsengenyi. Ni mke wa kaka yangu, na mawifi ndivyo tulivyo: mchana tunachokozana, jioni tunaombana chumvi. Duka lake linang'aa. Rafu zake zimepangwa hata kipofu angeweza kujihudumia, na koti lake jeupe hulipiga pasi mwenyewe kila Jumapili, hamwamini mtu. Watu wa mtaa humwita Daktari. Yeye hukanusha, lakini hukanusha kwa sauti ndogo sana.

Sasa kila muuzaji ana namna yake ya kuuza. Yule wa viatu ng'ambo ya barabara hukupigia soli kwenye ukuta uone haitoki. Wifi alikuwa na Binti.

Binti ni mtoto wao wa pekee. Chunusi zilimtoka akiwa darasa la saba, kama zinavyowatoka wengine, ila zake hazikuwa na mpango wa kuondoka. Zilijaa mashavuni na kwenye taya, nyingine ngumu na zenye maumivu, zikipona zinaacha madoa meusi. Mteja akija kuulizia dawa ya chunusi, wifi haelezi kitu. Anageuza shingo kwenye pazia la nyuma, maana duka na nyumba vimeshikana, anaita, "Binti! Njoo mara moja, mwanangu!"

Binti anatoka. Mama yake anamshika kidevu, anamgeuzia kwenye taa kama nyanya ya sokoni. "Unaona hapa? Mwezi uliopita palikuwa pamejaa vipele tupu. Sasa angalia palivyokauka." Mteja anainama, anachungulia, anaguna kwa heshima, ananunua. Binti anarudi nyuma ya pazia kumalizia chakula chake.

Kasoro ilikuwa moja. Pakikauka huku, panachipuka kule. Wifi alibadilisha krimu, akabadilisha sabuni, akampa vidonge vilivyomkausha midomo hadi kucheka kukawa kazi. Kila dawa mpya ilianza kwa shangwe na kuishia kwenye kabati la nyuma. Binti akamaliza shule, akamaliza chuo, akawa mwanamke mzima, na bado akawa anaitwa kaunta. Hadi siku moja mteja mmoja mwenye kumbukumbu nzuri akasema, bila nia mbaya, "Lakini Daktari, huyu si ndiye yule yule uliyenionyesha mwaka juzi?"

Niseme pia kazi anayofanya Binti, maana kuna mambo ukiyasikia unaona kabisa kwamba maisha yana kejeli. Anafanya kazi kwenye studio ya picha. Maharusi wakishapigwa picha, yeye ndiye anayekaa kwenye kompyuta na kuwasafisha nyuso. Kipele kimoja kimoja, doa moja moja, anafuta. Siku nzima anawatoa watu chunusi, jioni anapita barabarani ameinamisha kichwa ili zake zisionekane.

Alichoka siku ya bwana harusi mmoja mtarajiwa, kijana mrefu mwenye vipele vya paji la uso na wasiwasi mwingi. Binti alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, hajavua hata viatu. Mama yake akaita. Binti akatoka, lakini safari hii akasimama mbali, mahali ambapo mkono haufiki.

"Njoo hapa kwenye taa," wifi akasema.

"Mama, siji."

"Siji nini? Mteja anasubiri."

"Mimi si sampuli, Mama. Kuanzia leo dawa yako haigusi uso wangu, na mkono wako pia. Nimeshaongea na wale wa kule juu. Naenda kufanyiwa leza."

Mimi barazani nilikuwa nakunja pindo la sketi. Nikajidunga sindano.

Kule juu maana yake ghorofa ya kwanza ya lile jengo la viatu, ng'ambo ya barabara, ambako kliniki ya ngozi ilikuwa imefunguliwa na kutundika bango refu: NGOZI SAFI BILA DAWA. Lilitazamana na kaunta ya wifi uso kwa uso. Kila asubuhi akifungua mlango anakutana nalo, na kila asubuhi alilisoma kama mtu anayesoma tusi aliloandikiwa yeye. Sasa mtoto wake wa kumzaa anavuka barabara kwenda kulikubali.

Bwana harusi akanunua pamba na kutoroka.

Niseme ukweli, nilimwonea wifi huruma. Watu wangesema anaumia kwa ajili ya biashara, na biashara ilikuwemo, sikatai. Lakini yeye hana lugha nyingine ya mapenzi. Mwenzake akimkumbatia mtoto, yeye anampa vitamini. Ukimkataza kumpaka mwanawe dawa umemkataza kumshika, na Binti alikuwa amemkataza vyote viwili mbele ya mteja. Usiku ule hakula. Alijipa mwenyewe dawa ya kiungulia na kwenda kulala.

Binti aliniomba nimsindikize. Tukapanda ngazi zinazonuka ngozi ya viatu vipya, tukaingia kwenye chumba cha kusubiria chenye viti vya plastiki na feni inayolalamika. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kuliko nilivyotegemea, anayeongea taratibu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akamkagua Binti kwa jicho, bila kumshika kidevu. Niliona mabega ya Binti yanashuka.

"Unapaka nini? Unakunywa dawa gani?" akauliza.

"Sasa hivi sipaki kitu. Niliacha zamani kidogo, nikawa namdanganya mama."

Haya, hilo nilikuwa silijui.

Nikauliza mimi, kwa kuwa nimekuja kama mtu mzima na lazima mtu mzima aulize, "Daktari, huo mwanga wa leza hauchomi?"

"Unachoma, Mama. Ndiyo kazi yake. Unapita kwenye ngozi, unakwenda kupasha moto vile vifuko vinavyotoa mafuta chini, vinapunguza kazi. Ngozi ya juu tunaipooza ili isiumie. Na ngozi nyeusi kama yetu inataka mashine inayoifaa na mkono usio na haraka, la sivyo inabaki na madoa. Tutaanza na sehemu ndogo chini ya taya, tusubiri tuone."

"Na zitakwisha?" Binti akauliza.

"Zitapungua. Wengine zinapungua sana, wengine kiasi, na wapo zinaowarudia baada ya muda, tunarudia tena. Utakuja mara kadhaa, kwa kuachanisha wiki. Sikuuzii miujiza."

Nilimpenda pale pale. Bango lake la chini lilijua kuuza kuliko yeye.

Akamkabidhi karatasi yenye jina la losheni ya kawaida tu, isiyo na dawa, ya kulainisha ngozi. "Hii na ya kuzuia jua. Kingine chochote usipake bila kuniambia, hata kama ni kizuri. Nikipiga mwanga juu ya kitu nisichokijua, uso unaweza kuungua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Siku ya kazi yenyewe ilipofika tulivalishwa miwani myeusi sote watatu, tukafanana na mafundi wa kuchomelea mageti. Mashine ikawa inapuliza baridi na kulia tik, tik, tik. Harufu ya kinyweleo kilichoungua ikanifika puani. Nikamshika Binti mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Kama mtu anavuta mpira mdogo anauachia shavuni. Shangazi, usinifinye, wewe ndiye unayeniumiza."

Akashuka ngazi uso umewiva kidogo, na kichwa amekiinua.

Nyumbani kulikuwa na vita vya maneno. "Mwanga!" wifi alisema, akimwaga vidonge kwenye kisahani cha kuhesabia. "Kwani uso ni chumba, kwamba kina giza? Mimi nimesomea. Siku moja madoa yatamjaa usoni, ndipo mtanikumbuka." Kaka yangu, ambaye ni fundi wa makochi na mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba angependa chai. Ndiyo msimamo wake katika mambo yote mazito.

Kisha wifi akabadilika ghafla. Akawa mpole. Akasema atamnunulia Binti losheni aliyoandikiwa, ya nini mtoto ahangaike wakati mama yake ana duka. Akampelekea chupa chumbani na kuiweka juu ya meza, imefungwa vizuri. Tena akawa hamwiti kaunta. Wateja wakiulizia chunusi anaeleza kwa mdomo, kama wafamasia wengine. Nikafikiri, loo, wifi amekomaa.

Amekomaa wapi. Nilikwenda nyuma kuomba mkasi nikamkuta amevaa glavu, chupa ya losheni iko wazi mbele yake, anakoroga kitu cheupe ndani yake kwa kijiti, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayechora.

"Wifi," nikasema, "hiyo ni ya Binti."

Aliruka. Kisha akajiweka sawa. "Funga mlango. Ni dawa laini tu. Inatuliza chunusi na kuzuia madoa. Haiunguzi, naijua mimi."

"Daktari alisema hata kizuri asipakwe."

"Yule mtoto wa juzi? Mimi nimeanza kupima dawa yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Wifi, sikiliza. Wale watampiga mwanga, wakimharibu watasema pole. Mimi nikikaa kimya na ujuzi wangu, mtoto akaharibika, nitamwambia nini? Acha wampige taa zao. Mimi nitamlinda kwa chini."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, nimesema!"

Nilimjua. Nikapita studio siku hiyo hiyo, kabla hata sijapeleka sare za watu. Binti alikuwa anamfuta bibi harusi mmoja kipele cha pua. Nikamsogelea sikioni. "Mwanangu, kuna kitu kuhusu ile losheni yako anayo—"

"Losheni iko salama, Shangazi," akasema bila kugeuka. "Uso wangu nauangalia mwenyewe. Wewe usigombane na Mama, tafadhali. Kuna amani nyumbani, umeona?"

Niliona. Nikameza maneno yangu. Nikabaki nikimtazama uso kila asubuhi kwa hofu, nikitafuta jeraha.

Jeraha halikuja. Kilichokuja ni ngozi. Polepole, wiki baada ya wiki, vile vigumu vya taya vikanywea. Mashavu yakatulia. Si kwamba akawa kioo, hapana. Hapa na pale kilizuka kimoja, madoa ya zamani nayo yakawa yanafifia kwa uvivu. Lakini ukimwona unamwona yeye kwanza. Akanunua hereni. Akaanza kupita katikati ya barabara badala ya kando.

Na wifi! Kila akipata mwanya aliingia chumbani kwa Binti, akainyanyua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha kuona imepungua kiasi gani, akatoka akiimba. Chupa ikiisha anakoroga nyingine. Alinikonyeza kila Binti akipita. "Unaona?" ananiambia kwa midomo bila sauti. "Unaona kazi?" Alikuwa na furaha sijapata kumwona nayo. Akawa anamwuliza mtoto kama amelala vizuri, kazini vipi, yule bosi mkorofi ameacha? Maswali yasiyo na ugonjwa ndani yake.

Ubaya ni kwamba mtaa una macho. Wanawake walewale walioonyeshwa uso wa Binti kwenye kaunta sasa walimwona barabarani, wakamsimamisha. Naye akawajibu kwa uaminifu, "Leza. Kule juu. Bila dawa." Wakaja dukani kwa wifi, si kununua.

"Daktari, hongera kwa binti yako! Hiyo kliniki unaingilia wapi, mlango wa mbele au wa nyuma?"

Nilimwona wifi yangu, mfamasia, akisimama mbele ya rafu nzima ya krimu za chunusi, akiwaelekeza wateja wake waende ng'ambo. "Pita kwenye viatu, ngazi iko kulia." Shingo ilimvimba. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba yeye ndiye aliyemponya mtoto, na hakuwa na ruhusa ya kusema. Mteja akiondoka, yeye anakuja barazani kunihemea kichwani. "Mwanga! Wanasema mwanga! Wifi, mimi nitapasuka." Nikamshauri ajipime presha. Hakucheka.

Alipasuka siku ya kliniki kualika watu. Walitaka majirani waje waione mashine, waulize maswali, wanywe soda. Viti vikapangwa kwenye ile sebule ya kusubiria hadi nje kwenye ngazi. Familia tulipewa viti vya mbele, kwa sababu Binti ndiye alikuwa mgonjwa wao aliyefanikiwa kuliko wote. Kaka yangu alikuja na viatu vya kufunika, jambo la nadra, akakaa pembeni na soda yake.

Daktari wa ngozi aliongea kwa upole wake, akaeleza yale yale aliyotueleza, kwamba si miujiza na kwamba si kila mtu inamfaa. Watu wakaanza kupoa. Basi msaidizi wake, ambaye nadhani ndiye aliyetunga lile bango, akaenda ukutani na kuvuta kitambaa.

Zilikuwa picha mbili kubwa kama milango. Kushoto Binti wa zamani, kila kipele kikubwa kama kifungo cha koti, macho yametazama chini. Kulia Binti wa sasa. Juu yake: BILA DAWA HATA TONE.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama Binti, hakuwa anapiga. Alikuwa ameganda, soda iko nusu ya njia kwenda mdomoni.

Na hapo wifi akasimama.

"Samahani," akasema kwa ile sauti yake ya kaunta. "Samahani sana, majirani. Hayo maandishi ni uongo."

Msaidizi akabaki na kitambaa mkononi. Hata feni kama ilisikiliza.

"Huyu ni mwanangu. Aliyemponya ni mimi. Muda wote mlipokuwa mnampiga mataa yenu, alikuwa anapaka dawa yangu. Niliichanganya kwenye losheni yake kwa mikono yangu hii, yeye mwenyewe hajui. Wifi yangu huyu hapa shahidi."

Nikatamani sakafu ipasuke niangukie kwenye viatu.

Daktari wa ngozi alikuwa amepauka. Alikwenda moja kwa moja kwa Binti, akainama. "Ulikuwa unapaka? Ulikuja hapa nikakupiga mwanga una dawa usoni? Binti, ningeweza kukuunguza."

"Sikuwa napaka, Daktari," Binti akasema. Akaweka soda chini. Akageuka kwa mama yake. "Mama, kaa."

"Sikai. Chupa zimeisha, nimeziona kwa macho yangu zikiisha!"

"Nimepakwa dawa zako tangu darasa la saba. Nazijua kwa kidole. Ile chupa ya kwanza nilipoifungua tu nikajua. Nikanunua nyingine, nikaiweka kazini kwenye droo. Yako nilimpa Baba."

Watu wote wakamgeukia kaka yangu. Kaka yangu akatazama viatu vyake.

"Mimi niliambiwa ni ya magaga," akasema. Kisha, kwa kuwa aliona inahitajika aseme zaidi, na yeye si mzoefu, akaongeza, "Imenisaidia sana. Visigino vimekuwa kama vya mtoto."

Kicheko kilichotoka pale kilishuka ngazi kikafika kwenye viatu. Nimecheka na mimi, sijivunii. Nilicheka hadi nilipomwona wifi. Alikuwa bado amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa koti lake jeupe mbele ya watu. Miezi yote ile ya kuimba, kumbe alikuwa anahudumia visigino vya mumewe.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, sauti imekwisha. "Umeniacha nijidanganye namna hiyo?"

Binti naye alisimama. "Kwa sababu ulipoanza kukoroga hiyo dawa, uliacha kuniita kaunta. Ukawa unaniuliza nimelalaje. Nilikuwa sijawahi kuwa na mama wa hivyo. Nikaona hata kama ameletwa na chupa ya uongo, nimwache akae."

Wifi akauokota mkoba wake.

Kisha akamgeukia daktari wa ngozi, na sauti yake ikawa kavu. "Na wewe, Daktari. Uliniuliza kama nitakubali picha yangu iwekwe, nikasema nitafikiri. Bado nilikuwa nafikiri."

Daktari alimtazama msaidizi wake, kisha akaitazama picha, na nadhani ndiyo kwanza aliiona. "Una haki," akasema. "Kosa ni langu. Nilichukulia ukimya wako kama ndiyo." Akapanda mwenyewe kwenye kiti cha plastiki akaanza kuzibandua. Binti akamshikia kiti kisiteleze.

Wifi alikuwa ameshashuka ngazi.

Duka halikufunguliwa kesho yake. Keshokutwa lilifunguliwa, na wifi akauza dawa kwa watu wa kikohozi na watu wa mafua bila kuwauliza rangi ya kitu chochote. Hakunikaripia, hakunichokoza. Nilipiga chafya makusudi mara mbili. Hakugeuka. Nikaogopa kweli. Nyumbani alipita mlango wa chumba cha Binti kama mtu anayepita ofisi ya serikali, kimya na bila kutazama ndani. Binti naye akitoka kazini anasalimia, anaitikiwa, wanaishia hapo. Niliumia kuwaona. Walikuwa wameambiana kweli yote, na sasa hakuna aliyejua pa kuiweka.

Jumapili tulikuwa sebuleni. Wifi anapiga pasi, kaka amelala kwenye kochi lisilokwisha kutengenezwa, mimi natoa nyuzi kwenye ukosi. Binti akatoka chumbani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake. Akainua uso.

"Mama, hebu niangalie hapa chini ya mdomo. Kimetoka leo. Ni nini?"

Pasi ikasimama. Kaka akafumbua jicho moja. Mimi nikaacha kuvuta uzi, maana mkoba wa wifi wenye dawa zake zote ulikuwa pale pale miguuni pake, na mkono wake nilishauona ukianza kushuka.

Ukarudi. Akasimamisha pasi, akajipangusa viganja kwenye gauni, akatafuta miwani yake, akaivaa. Hakumgusa.

"Nikushike?" akauliza.

"Nishike."

Akamshika kidevu kwa vidole viwili. Hakumgeuzia kwenye taa. Alisogea yeye, akainama, akatazama muda mrefu.

"Ni kipele," akasema.

"Nipake nini?"

Namjua yule mwanamke. Najua rafu ngapi za majibu zilipita kichwani mwake.

"Usipake kitu. Kiache. Kitaondoka chenyewe."

Kisha akaendelea kumshika, ingawa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, na Binti hakujitoa. Mimi nikaenda kulilia jikoni, maana wifi akikuona una machozi atakuletea dawa ya matone.